Ukinyimwa nyumba Marekani na unahisi ni ubaguzi, fanya hivi

Jamani huku Marekani siku hizi mwenye nyumba hakwambii usoni kwamba hataki Mwafrika, anakwambia kwa upole kabisa "samahani imeshachukuliwa" halafu tangazo lake bado liko hewani wiki nzima. Ndio maana wengi tunabaguliwa bila kujua, na wanaojua hawana cha kuonyesha. Kwa hiyo kazi yako sio kugombana naye, kazi yako ni kukusanya ushahidi.

Sheria yenyewe inaitwa Fair Housing Act, Rais Lyndon Johnson aliisaini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kukunyima nyumba au kukuwekea masharti tofauti kwa sababu ya rangi, nchi ulikotoka, dini, jinsia (iliongezwa 1974), ulemavu, au kuwa na watoto chini ya miaka 18 (hizi mbili ziliingia 1988). Hiyo ya watoto wengi wetu hatuijui kabisa. Meneja akisema "wenye watoto tunawaweka jengo la nyuma tu" ameshavunja sheria, labda kama ni makazi maalum ya wazee. Ila akikataa watu wanane kwenye chumba kimoja, hapo tusimwonee, kikomo cha idadi ya watu anaruhusiwa kuweka ilimradi kiwe cha maana na kiwe cha wote.

Tena usichanganye mambo. Krediti mbovu (rekodi yako ya kulipa madeni) au kipato kidogo anaweza kukukatalia na isiwe ubaguzi. Jiulize, je na wengine anawafanyia hivyo hivyo? Wewe anakudai depoziti ya miezi miwili na barua ya mwajiri, mwenzako mzungu mwenye kipato kama chako anaingia kwa depoziti ya mwezi mmoja, basi hapo ndipo pa kushika. Kuhusu vocha ya Section 8 (msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba), sheria ya nchi nzima haiwalindi wenye vocha, lakini majimbo kama California na New York yamekataza kumkataa mtu kwa ajili hiyo, kwa hiyo cheki sheria ya jimbo lako.

Sasa ushahidi. Tangu unaanza kutafuta nyumba wasiliana kwa meseji au imeili. Wakikupigia, ukikata simu tu mtumie meseji, "asante kwa kuongea, umesema ile ya vyumba 2 imeshachukuliwa, sivyo?" akijibu ndio umeshapata maandishi. Piga skrinshoti ya tangazo tarehe ionekane, rudi kesho yake upige tena. Andika jina la aliyekuhudumia, saa, na maneno yaleyale aliyotamka, sio vile ulivyoyaelewa wewe. Kurekodi simu kisirisiri usijaribu, kuna majimbo ni kosa.

Halafu, na hii fanya mapema wakati tangazo bado lipo, tafuta shirika la kutetea haki za makazi la eneo lako. Wana watu wa kujaribu, wanatuma wawili wenye kipato kinachofanana, mmoja mweusi mmoja mzungu, wanaona nani anaonyeshwa nyumba na nani anaambiwa zimeisha. Tangu 1982 Mahakama ya Juu ilishakubali kwamba hata hao wajaribu wakidanganywa wanaweza kushtaki wenyewe.

Mwenye ulemavu, omba unachohitaji kwa maandishi. Mnyama anayekusaidia kwa ajili ya ulemavu wako hahesabiwi mnyama wa kufuga tu, hivyo hulipi depoziti ya mnyama.

Malalamiko yanapelekwa HUD, wizara ya nyumba, simu 1-800-669-9777, hulipi kitu. Una mwaka 1 tangu tukio la mwisho, ukitaka kwenda mahakamani mwenyewe ni miaka 2. Kama tayari unaishi hapo na mwenye nyumba akaanza kukutisha atakutoa kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa lingine, liongeze.

Kuna upenyo mmoja: mwenye jengo lenye nyumba zisizozidi 4 na yeye mwenyewe anaishi humo anakwepa sehemu kubwa ya sheria ya 1968. Ila kwenye rangi hana pa kutokea maana ipo sheria ya 1866 ambayo haina msamaha huo, na tangazo la kibaguzi hata yeye haruhusiwi.

Na kama hiyo nyumba bado unaitaka, sema mwanzoni kabisa ukipiga simu HUD, kwa sababu kesi ikiwa ya haraka serikali inaweza kuomba mahakama izuie isipangishwe kwa mtu mwingine kwanza.