SOMO: Jinsi ya kwenda sherehe ya mikate kisiwani Cheung Chau na washkaji ukitokea Guangzhou

Wakuu habari zenu. Kila mwaka ukikaribia mwezi wa tano inbox yangu inajaa swali moja, "ile sherehe ya mnara wa mikate mnaendaje", nikimjibu huyu leo kesho anauliza roommate wake, kwa hiyo naandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena namtumia link bila hata salamu. Cheung Chau ni kisiwa kidogo cha wavuvi huko Hong Kong, hakina magari, ukiacha vile vigari vidogo vya zimamoto na wagonjwa. Nawaandikia zaidi sisi tuliopo Guangzhou na Foshan, wanafunzi na wafanyabiashara, maana ndio tunaoenda kwa makundi. Anayetokea Dar au Nairobi moja kwa moja aruke hatua ya 2 na ya 3, ila aangalie pasipoti yake inaingiaje Hong Kong kwenye tovuti ya uhamiaji ya kule kule, nchi zetu haziko sawa kwenye hilo.

Hatua ya 1: Tarehe. Siku yenyewe ni tarehe 8 ya mwezi wa 4 wa kalenda ya Kichina, ndiyo siku ya kuzaliwa Buddha na ni mapumziko Hong Kong. 2024 iliangukia tarehe 15 Mei, 2025 tarehe 5 Mei. Inahama kama Idi, ila haizunguki mwaka mzima, Wachina wanaongeza mwezi mzima kila baada ya miaka kadhaa kuirudisha, kwa hiyo itakuwa hapo hapo kuzunguka mwezi wa tano.

Hatua ya 2: VIZA. Hii soma mara mbili. Ukivuka kwenda Hong Kong UMETOKA China, hata kama bendera ni hiyo hiyo, hata kama umepanda treni na hukuona bahari. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja basi umeshaimaliza, kutoka watakuruhusu tena kwa tabasamu, shida ni kurudi. Kundi letu lilipatwa na hili. Tulikata tiketi za watu wote, tukauliza kila mtu "una pasipoti?" wakasema ndiyo, hakuna aliyeuliza viza ni ya mara ngapi. Mshkaji wetu mmoja alikuwa na viza ya biashara ya kuingia mara moja, sherehe akaila vizuri kabisa, jioni wenzake tunarudi yeye anabaki Hong Kong kuomba viza nyingine, na hoteli ya Hong Kong unalipa kila usiku ukisubiri, huku mzigo wake Guangzhou upo kwa fundi unamngoja. Kwa hiyo fungueni pasipoti zenu wote mezani kabla hamjakata tiketi, mtu wa kundi azisome MOJA MOJA. Mwanafunzi mwenye kibali cha ukaazi kilicho hai anatoka na kurudi bila shida. Mwanafunzi wa kozi fupi angalia sana, nyingi ni za kuingia mara moja. Na kama pasipoti yako ipo polisi unahuisha kibali na umeshika karatasi ya risiti tu, tulia, utaenda mwakani. Usimuamini mtu anayekwambia "mimi nilipita", yeye alipita na viza yake.

Hatua ya 3: Treni. Guangzhou South mpaka West Kowloon, kama saa moja hivi au pungufu. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla. Ikigongana na mapumziko ya Mei Mosi kama ilivyokuwa 2025 zinaisha haraka, kaa na simu mkononi. Uhamiaji wa pande zote mbili uko West Kowloon ndani ya jengo moja, wakati wa kurudi fika angalau dakika 45 kabla.

Hatua ya 4: Malazi. Kisiwani vyumba ni vichache na wenyewe wanajua siku hiyo ni ya kuvuna. Laleni Tsim Sha Tsui. Chungking Mansions pale Nathan Road vyumba ni vidogo mpaka ukifungua begi mwenzio inabidi atoke nje, lakini bei inalipika, chakula cha halali kipo chini hapo hapo na Waafrika wamejaa, hamtajisikia wageni.

Hatua ya 5: Boti. Gati namba 5, Central. Boti ya kawaida ni kama saa moja, ya haraka kama dakika 35 mpaka 40. Lipeni kwa kadi ya nauli ya Octopus, msianze kutafuta chenji ya dola za Hong Kong mbele ya watu mia mnawachelewesha. Ondokeni asubuhi. Maandamano yanaanza mchana kama saa nane, mtu anayefika gatini saa sita anakuta foleni imejikunja mpaka nje na bado atadhani ana bahati mbaya.

Hatua ya 6: Kisiwani. Kisiwa ni chembamba sana katikati, kutoka gatini mpaka ufukwe wa Tung Wan upande wa pili ni dakika chache kwa mguu, kwa hiyo kupotea hupotei ila KUTENGANA mtatengana, maana polisi wanageuza vichochoro kuwa vya kwenda tu, ukishapita hawakuruhusu kurudi. Chagueni sehemu ya kukutana mapema, sisi huwa ni ufukweni, msiseme "tukutane hekaluni" maana hekalu la Pak Tai, lile la mwaka 1783, ndiko kisiwa kizima kinakoelekea. Nendeni hekaluni asubuhi hiyo hiyo muone ile minara mikubwa ya mikate, mikate myeupe ya mvuke imepangwa kuanzia chini mpaka juu, kila mmoja una muhuri mwekundu wa maneno mawili, "ping on", yaani amani na salama. Msiguse. Nasema kwa sababu nimeona.

Kwenye maandamano, kama mnaweza simameni kwenye vichochoro vya ndani, si kule barabara ya baharini kwenye upana. Watoto wadogo wamevalishwa kama miungu na mashujaa wa zamani wanapita juu hewani, kama wamesimama kwenye ncha ya upanga au pepeo la mkono, na kwenye kichochoro wanapita usawa wa mabango ya maduka, unamwona mtoto jasho linamshuka kwenye poda, mtu mzima anamfuata na mwavuli wa fimbo ndefu kumkinga jua, mwingine anampepea na feni ya betri, na mtoto mwenyewe amenuna kabisa kama yuko kwenye foleni ya chanjo, huku ngoma na matoazi yanakupigia sikioni. Kila mwaka kuna watoto wanaovalishwa kama wanasiasa wa siku hizi kuwatania, watu wa Hong Kong wanavunjika mbavu, ukiwa huelewi muulize jirani yako atakueleza kwa furaha.

Hatua ya 7: Chakula. Kwa siku tatu kisiwa hakili nyama, migahawa mingi inapika mboga na tofu, mpaka McDonald's ya pale inauza baga ya uyoga. Msilalamike, mmekuja kwa watu.

Hatua ya 8: Usiku. Saa sita usiku ndiyo mashindano ya kupanda mnara mwingine na kuchuma mikate. Hapa mimi na wengi humu hatukubaliani, wao wanasema lazima ukae uone. Kwa kundi linalotoka Guangzhou nasema rudini jioni baada ya maandamano. Mashindano ni dakika 3 tu, tiketi za kuingia uwanjani ni za bure ila ni chache, unapanga foleni usiku kuona watu 12 kwa mbali, na ukizikosa unaangalia kwenye skrini, ambayo na wewe unayo mfukoni. Boti za usiku huwa wanaongeza, lakini treni za kurudi Guangzhou hazikeshi. Kama mna usiku wa pili Hong Kong, haya kaeni. Kama hamna, maandamano yanatosha kabisa.

Nawasilisha. Maswali chini, someni kwanza.

chapa_ilale: Mkuu somo zuri, sasa mwakani ni tarehe ngapi?

Mtoa somo: Hatua ya 1. Fungua kalenda ya Kichina kwenye simu yako, tarehe 8 mwezi wa 4.

chapa_ilale: Sawa ila si ungetaja tu

Mtoa somo: Nikitaja, mwaka unaofuata utarudi.

Dada wa Foshan: Kaka shikamoo ya somo. Hao watoto wanasimamaje juu ya ncha ya upanga au pepeo? Mwanangu aliona video akaniuliza nikakosa jibu.

Mtoa somo: Marahaba dada, hili swali nalipenda. Kuna nondo ya chuma imekunjwa kufuata umbo la mwili wa mtoto, imepita ndani ya nguo, na juu ina kikalio kidogo. Mtoto amekaa na amefungwa mkanda, wewe unaona amesimama kwa sababu nguo ndefu imefunika kila kitu na lile "pepeo" au ule "upanga" ni sehemu ya hiyo hiyo nondo. Chini kuna jukwaa la magurudumu linasukumwa na watu wazima. Ndiyo maana wanachagua watoto wadogo wepesi. Akipita karibu mwambie mwanao aangalie chini ya gauni, usiangalie uso, ndipo utaona chuma kinapoingilia.

mzee_wa_kontena: Na sisi wageni tunaweza kupanda huo mnara? Mimi nazi nakwea toka utoto.

Mtoa somo: Hapana. Wanajiandikisha mapema, wanafundishwa, wanachujwa, wanabaki 12, wanapanda na kamba za usalama. Zamani ilikuwa fujo, vijana kwa mamia wanapanda minara ya mianzi kwa pamoja, 1978 mnara ukaanguka watu wakaumia, serikali ikapiga marufuku mpaka 2005 ndipo wakarudisha na mnara wa chuma wa mita 14. Mikate ya kwenye mashindano siku hizi ni ya plastiki.

mzee_wa_kontena: Plastiki?? Sasa ushindi uko wapi

Mtoa somo: Kwenye pointi. Mkate wa juu kabisa ni pointi 9, wa katikati 3, wa chini 1. Ndiyo maana wanakimbilia juu kwanza halafu wanashuka wakizoa. Ya kweli ipo kwenye ile minara ya hekaluni na madukani.

Kipepeo: Naomba namba ya mtu wa viza

Mtoa somo: Sina.

Kipepeo: Yule mshkaji wako alifanyaje basi?

Mtoa somo: Aliomba upya kule kule kihalali, akalipa, akasubiri. Hakuna njia ya mkato na kama unaitafuta uzi wako ni mwingine.

binti_wa_Pangani: Mimi nataka kujua kwa nini mikate? Na huyo Pak Tai ni nani?

Mtoa somo: Karibu sana. Pak Tai ni mungu wa kaskazini, ana mamlaka juu ya maji, wavuvi wanamtegemea. Wenyeji wanasimulia kwamba enzi za wafalme wa Qing kisiwa kilipigwa na tauni, watu wakabeba sanamu yake wakazunguka nayo vichochoroni, wengine wakajivika kama miungu kuwafukuza pepo wabaya, ugonjwa ukaondoka. Maandamano ya leo ni mzunguko ule ule. Mikate ni sadaka kwa roho zisizo na wa kuzitunza, sherehe ikiisha inagawiwa kwa watu na inaaminika inaleta heri. Pale hekaluni utaona pia sanamu kubwa ya karatasi ya mfalme wa mizimu, ana uso wa kutisha, yeye ndiye anayesimamia hizo roho, usiku wa mwisho anachomwa moto. 2011 China ikaiweka sherehe kwenye orodha ya urithi wa taifa.

binti_wa_Pangani: Asante kaka nimeelewa. Ndani ya mkate kuna nini?

Mtoa somo: Mbegu za yungiyungi zilizosagwa, au maharage mekundu, au ufuta. Vyote vitamu. Mimi ni wa ufuta. Nunua siku hiyo asubuhi mapema kabla foleni ya mikate haijakutana na foleni ya boti. Duka la Kwok Kam Kee mtaa wa Pak She ndilo maarufu, wanauza mwaka mzima, kwa hiyo ukishindwa siku ya sherehe nenda wikiendi yoyote.

Abuu_GZ: Assalamu alaykum. Sisi Waislamu chakula cha pale vipi, na hizo sadaka?

Mtoa somo: Wa alaykum salaam. Ile ya sadaka mimi siwezi kukutolea fatwa, muulize shekhe wako. Sisi tulikuwa na wenzetu wawili walikuja kuangalia maandamano tu, mikate ya hekaluni hawakuchukua, chakula walibeba wenyewe, swala walipanga kabla na baada, msikiti wa Kowloon uko Nathan Road hapo hapo mnapolala. Wan Chai pia kuna msikiti una mgahawa ndani.

mama_wawili: Nina mtoto wa miaka miwili na kigari chake, niende?

Mtoa somo: Mama, kigari acha, mbebe mgongoni. Vichochoro vinajaa mpaka unasogea na watu bila kupenda, na jua la mwezi wa tano pale lina unyevu wa kukamua. Nenda na boti ya mapema sana, tazama minara, mtoto acheze mchanga Tung Wan, maandamano yaangalie yakianza halafu ondoka kabla hayajaisha, foleni ya kurudi hutaiona.

chapa_ilale: Tung Wan si ndiko kwa yule dada wa ubao wa tanga?

Mtoa somo: Umenifurahisha sasa. Ni ufukwe wa jirani, Kwun Yam. Lee Lai-shan, huyo dada wa ubao wa tanga, ni mtoto wa kisiwa kile, 1996 Atlanta aliipa Hong Kong dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. 

mzee_wa_kontena: Mvua ikinyesha je

Mtoa somo: Mei mvua lazima uiwaze. Hong Kong wana tahadhari za rangi, njano, nyekundu, nyeusi. Pakua programu ya hali ya hewa yao. Njano beba koti la mvua, mwavuli hapana utamchoma mtu jicho. Nyeusi kaa ndani.

Kipepeo: Wakuu na Octopus inauzwa wapi?

Dada wa Foshan: Stesheni yoyote ya treni za mjini za MTR mdogo wangu, kaunta. Na ukiondoka Hong Kong unairudisha unapewa salio lako.