Uyoga wa nyasi au wa kichuguu? Chukua alama ya spora

Masika yakishika Nairobi, kati ya Machi na Mei, uyoga mkubwa mweupe huchomoza kwenye nyasi za nyua na viwanja, na wengi huudhania ule mtamu wa kichuguu. Mara nyingi ni Chlorophyllum molybdites, unaoleta kutapika na kuhara saa 1 hadi 3 baada ya kuliwa. Rangi ya spora (vumbi la uzazi linalodondoka kutoka kwenye uyoga na kuacha alama) ndiyo inayoufichua.

Chimbua uyoga mzima, usiukate usawa wa ardhi. Termitomyces mkubwa (ndio uyoga wa kichuguu) huwa na mzizi mrefu unaoteremka hadi ndani ya kichuguu, na kilele cha kofia kimechongoka. Chlorophyllum hauna mzizi huo. Una pete nene ambayo mara nyingi husogea juu na chini ya shina, na magamba ya kahawia kichwani.

Kata shina hadi kwenye kofia. Laza kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, matamvua (vile vipande vyembamba vya chini) yakitazama karatasi. Nusu nyeusi ni ya kuonyesha spora nyeupe. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli, ulaze hadi asubuhi. Kisha inua wima bila kuburuta, usome rangi dirishani. Mwanga wa balbu ya manjano hupotosha.

Kijani: ni Chlorophyllum, tupa wote. Waridi hafifu: inalingana na Termitomyces, lakini Entoloma (kundi jingine la uyoga) pia hutoa waridi na baadhi yake ni sumu, kwa hiyo mzizi lazima uwepo. Nyeupe si ruhusa kamwe. Amanita (nalo ni kundi la uyoga), pamoja na zile zinazoua, hutoa nyeupe, na kuchemsha hakuondoi sumu yake.

Karatasi ikibaki tupu, huenda uyoga bado mchanga. Hapo ndipo hatari ilipo: matamvua ya Chlorophyllum mchanga ni meupe kabisa, kijani huja baadaye. Subiri mwingine uliofunguka. Alama ikitapakaa, kofia ilikuwa imelowa. Ipanguse na uiache ikauke kwanza.

Aliyekula na kuugua apelekwe hospitali na mabaki ya uyoga ndani ya karatasi, si plastiki, ambayo huyaozesha. Dalili zinazoanza baada ya saa 6 au zaidi ndizo za kuogopwa zaidi: huenda ini linashambuliwa, hata kama tumbo litatulia kwa muda.