Jinsi ya Kuieleza Hoja ya Max Weber kuhusu Uprotestanti na Ubepari

Anayetaka kuieleza hoja hii, kwamba maadili ya Uprotestanti yalisaidia kuuzaa moyo wa ubepari, aanze kwa kuiweka kando kauli inayorudiwa mara nyingi madarasani, kwamba Waprotestanti walitajirika kwa sababu dini yao iliwahimiza kutafuta mali. Max Weber, mwanazuoni Mjerumani aliyeichapisha hoja yake mwaka 1904 na 1905, hakusema hivyo. Luther na Calvin, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa yaliyouanzisha Uprotestanti katika karne ya 16, waliwaonya waumini wasiipende fedha, na hapo ndipo penye fumbo la kufumbuliwa: ilikuwaje mafundisho yaliyoitilia shaka mali yakalea watu waliolimbikiza mtaji?

Hatua ya kwanza ni neno. Luther alipotafsiri kitabu cha Yoshua bin Sira, pale mtu anapoaswa adumu katika kazi yake, alitumia neno la Kijerumani Beruf, ambalo hadi wakati huo lilibeba hasa maana ya mwito wa kidini. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa tunasema utawa ni wito na tunasema pia ualimu ni wito. Mweleze msomaji kwamba mabadiliko yalikuwa ndiyo hayo: fundi viatu akawa anamtumikia Mungu kwenye kiti chake cha kazi, sawa na mtawa katika nyumba yake ya sala.

Kisha tulia kwenye fundisho la Wakalvini la kuchaguliwa tangu awali, kwa maana hoja yote imesimama juu yake. Ungamo la Westminster la mwaka 1647, tamko la imani la Wakalvini wa Uingereza, linafundisha kwamba Mungu amekwisha kuwaamulia wengine uzima wa milele na wengine mauti, na hakuna tendo la mwanadamu linaloweza kuubadili uamuzi huo. Muumini huyu hakuwa na padri wa kumwondolea dhambi katika kitubio. Alibaki na swali moja, kama yeye ni miongoni mwa wateule. Wachungaji walimshauri afanye kazi kwa bidii ili aishinde shaka. Tenganisha kwa uangalifu bei na dalili: kazi haikununua wokovu, bali ilimpa mtu tumaini kwamba tayari anao. Na kwa kuwa anasa ilikatazwa, na wahubiri kama Richard Baxter wa Kidderminster walihesabu kupoteza muda kuwa dhambi nzito, faida haikuwa na pa kwenda ila kurudi kwenye biashara.

Benjamin Franklin, Mmarekani aliyeandika mwaka 1748 kwamba muda ni fedha, atajwe baada ya hapo, kama mfano wa tabia iliyobaki imara wakati hofu ya kidini imekwisha kupungua.

Usifiche pingamizi. Familia ya Medici ya Florence iliendesha benki kabla ya Luther kuzaliwa, na Jakob Fugger, tajiri mkubwa wa benki wa Augsburg, alibaki Mkatoliki. Weber mwenyewe alikana kwamba Matengenezo ya Kanisa peke yake yaliuzaa ubepari. Mwaka 2009 wanauchumi Sascha Becker na Ludger Woessmann, wakitumia takwimu za Prussia, dola ya Kijerumani, ya karne ya 19, walionyesha kwamba ustawi wa maeneo ya Kiprotestanti unaweza kuelezwa na elimu, kwa sababu Luther alitaka kila Mkristo aweze kujisomea Biblia. Kwa maoni yangu maelezo haya yana ushahidi mzito zaidi kuhusu kipato, lakini hayagusi kile kilichokuwa moyoni mwa mfanyakazi.

Kwa jambo hilo la moyoni, wapeleke wasomaji kwenye daftari za Nehemiah Wallington, Mpuritani (Mprotestanti wa Kiingereza mwenye msimamo mkali wa Kikalvini) wa London aliyefariki mwaka 1658 na aliyekuwa fundi wa kukereza mbao. Aliandika daftari 50 hivi, nazo zilizosalia zimejaa mateso ya kutojua kama ameokoka. Alikuwa na kila kitu ambacho hoja ya Weber inakihitaji, hata hivyo hakutajirika, na mwanafunzi aulizwe ni kwa nini.