Somo: Kuendesha destroya ndani ya Silent Hunter 4

Wakuu salaam. Destroya ni manowari ya kasi inayosindikiza misafara na kuwinda nyambizi. Wengi wanadhani ugumu wa kuiendesha ndani ya gemu ni umbo la meli (modeli yake ya 3D). Umbo lipo tayari ndani ya gemu. Ugumu ni kwamba gemu hii ya 2007 inamjua mchezaji kama nahodha wa nyambizi tu, hivyo kila mfumo wake unategemea chombo kinachozama. Tunachofanya ni kuivua nyambizi unyambizi wake kidogo kidogo. Nimechagua destroya za aina ya Fletcher za Marekani: zilijengwa 175 na vipimo vyake vinajulikana vizuri.

Hatua ya 1. Usiguse faili za asili. Weka modi yako (faili zako za kubadili gemu) kwenye folda ya pembeni, iwashe na kuizima kwa JSGME, programu ya kusimamia modi. Faili zifungue kwa S3D, programu ya kuhariri faili za gemu hii.

Hatua ya 2. Meli zinazoendeshwa na kompyuta zimo Data/Sea, vyombo vya mchezaji vimo Data/Submarine. Nakili folda nzima ya Gato, nyambizi ya Marekani, ipe jina jipya, kisha ivalishe umbo la Fletcher. Usianzie kwenye folda ya Fletcher ukitegemea kupewa usukani. Chombo cha mchezaji kinahitaji pia mabaharia na vituo vyao vya kazi, ambavyo vimeorodheshwa kwenye faili za UPC.

Hatua ya 3. Hapa tulia kabisa, maana ndipo watu wanapokata tamaa. Gato ina urefu wa mita 95, Fletcher karibu 115, tena ina majengo marefu juu ya sitaha. Kwenye faili ya .sim rekebisha kina cha meli majini, kisha gc_height, yaani kimo cha kitovu cha uzito. Kikiwa juu mno, meli inalala ubavu ukikata kona na hainuki tena. Kikiwa chini mno, kila wimbi linairusha wima kwa kishindo. Badilisha namba moja tu, ingia kwenye dhoruba, kata kona kali kwa mwendo wa mwisho, ndipo uguse namba nyingine. Mwendo nao: Gato inafika maili 21 za baharini kwa saa, Fletcher karibu 36, kwa hiyo nguvu ya injini lazima ipande.

Hatua ya 4. Ua uwezo wa kupiga mbizi. Shusha thamani za matangi ya maji, na kina cha periskopu kiwe sawa na kina cha kuelea. Bonyeza amri ya kuzama makusudi uone kama meli inatulia.

Hatua ya 5. Mizinga. Kwenye faili ya .eqp, yenye orodha ya vifaa vya meli, kila silaha ina NodeName, yaani jina la mahali inapofungwa, mathalani M01. Jina hilo lisipolingana herufi kwa herufi na lile la kwenye umbo, mzinga hauonekani.

MASWALI

Mkuu, naweza kufyatua mizinga yote mitano kwa pamoja?

Hapana, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Fletcher halisi iliongoza mizinga yake ya milimita 127 kutoka mtambo mmoja, Mk 37, uliofuatilia shabaha na kutoa umbali wake. Gemu imempa mchezaji mzinga wa sitaha wa nyambizi. Shika mmoja mwenyewe, mingine waachie mabaharia.

Kaka, nikipigwa meli haiinami wala haizami polepole. Kwa nini?

Kwa sababu bado umebeba mfumo wa uharibifu wa nyambizi, ambao unahesabu uimara wa bodi dhidi ya kina. Pitia faili ya .zon, gawa upya maeneo ya mwili na jinsi kila eneo linavyoingiza maji. Ni kazi ndefu, lakini bila hiyo unaendesha Gato yenye sura ya Fletcher.

Je, nitaweza kuwinda nyambizi za Wajapani?

Kwenye gemu ya asili nyambizi za kompyuta zinatembea juu ya maji, kwa hiyo mabomu ya kina (yanayolipukia chini ya maji) hayana wa kumpiga. Anza na misheni ya kusindikiza msafara dhidi ya meli na ndege.

Silent Hunter III je?

Mantiki ni ileile, ila faili za UPC hazimo. Hatua ya 2 utaipanga upya.