Somo: Namna Umbo la Kloroplasti Linavyowezesha Usanisinuru

Wanafunzi wengi hukariri majina ya sehemu za kloroplasti (kiungo kidogo ndani ya seli ya mmea kinachofanya usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga) pasipo kujiuliza kwa nini kila sehemu imeumbwa ilivyo. Chukua kalamu, tuchore pamoja.

Hatua ya 1. Chora yai lililobanwa, lenye tando mbili. Urefu wake halisi ni takriban mikromita 5 hadi 10.

Hatua ya 2. Ndani yake chora vifuko bapa vilivyorundikana kama sahani. Hivyo ni thailakoidi, na kila rundo huitwa granumu. Klorofili imo ndani ya utando wa vifuko hivyo, kwa hiyo kadiri utando unavyokuwa mwingi ndivyo mwanga mwingi unavyonaswa.

Hatua ya 3. Hapa tusiharakishe. Mwanga ukinaswa, maji hupasuliwa, oksijeni hutoka, elektroni hupita kwenye utando, na protoni (ioni za hidrojeni, ambazo ndizo huleta asidi) hujikusanya ndani ya kifuko. Kwa kuwa nafasi hiyo ni finyu mno, protoni chache tu hutosha kuitia asidi, hata pH (kipimo cha asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ikashuka hadi kati ya 5 na 6 ilhali nje ni karibu 8. Protoni hizo hutoka kwa kupitia kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia) kinachotumia msukumo wa protoni hizo kuunda ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Mwaka 1966, wanasayansi Jagendorf na Uribe waliloweka thailakoidi katika asidi, kisha wakazihamishia kwenye alkali gizani, ndani ya vifuko kukiwa bado na asidi. ATP ikatengenezwa bila mwanga wowote. Kwangu mimi, hakuna jaribio linaloeleza thamani ya kifuko kilichofungwa vizuri kuliko hili.

Hatua ya 4. Jaza nafasi iliyobaki kwa stroma, ambamo kimeng'enya Rubisko hunasa kabonidioksidi. ATP na NADPH (molekuli inayobeba elektroni zilizopita kwenye utando) hutolewa upande huohuo, papo hapo zinapohitajika kuunda sukari.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, thailakoidi ikitoboka, oksijeni itakoma kutoka?
Jibu: La. Elektroni huweza kuendelea kusafiri na oksijeni ikatoka, lakini protoni huvuja, ATP haiundwi, na sukari haipatikani.

Swali: Mbona basi vifuko vyote visirundikwe, ili mwanga unaswe zaidi?
Jibu: Kimeng'enya cha ATP kina kichwa kikubwa kinachochomoza kwenye stroma, nacho hakienei katikati ya vifuko vilivyobanana. Ndiyo maana hukaa pembezoni mwa rundo na kwenye thailakoidi zinazounganisha rundo moja na jingine. Zichore hizo pia.