Somo: Kufuatilia nasaba ya ukoo wa Kiarabu, kutoka Pwani hadi Omani na Hadhramaut

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wengi wanaotafuta nasaba huanza na swali la mwisho: "Sisi ni Qahtan au Adnan?", yaani mababu wawili wakuu ambao Waarabu hujinasibisha nao, Qahtan wa kusini na Adnan wa kaskazini. Swali hilo lisubiri. Nasaba hutafutwa kutoka chini kwenda juu, jina baada ya jina, na mtu anayeamua kila kitu ni yule mzee wenu aliyevuka bahari. Ukimjua kwa jina lake, jina la baba yake na mji aliotoka, milango ya Omani au Hadhramaut (huko Yemeni) itafunguka. Usipomjua, hata kitabu kikubwa cha Ibn Hazm cha nasaba za Waarabu hakitakufaa, kwa kuwa hutajua ujishike wapi. Kwa hiyo somo hili linahusu zaidi namna ya kumpata mzee huyo.

Hatua ya 1: Wazee kwanza

Nenda kwa mkubwa aliyebaki, na usiishie kwa wanaume. Babu atakutajia mababu; bibi na shangazi ndio wanaojua nani aliolewa na nani, nani alifia Pemba, na mtoto yupi alilelewa kwa mama mdogo. Usiwaambie "nitajieni nasaba yetu", kwani watakupa yale ambayo kila mtu anayasema. Uliza mambo madogo. Mzee fulani kazikwa wapi? Shamba la mikarafuu lilikuwa la nani kabla yake? Shangazi yako aliozeshwa na nani? Hili la mwisho lina faida kubwa: walii hutoka upande wa baba, kwa hiyo jibu laweza kukupa ami ambaye hukuwahi kumsikia.

Kisha ulizia karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya marehemu inayosomwa siku ya hitima. Nyumba nyingi zinayo, na mara nyingi majina yake yanarudi nyuma kuliko kumbukumbu ya aliye hai yeyote. Ya pili ni msahafu wa zamani. Fungua kurasa za mwanzo na za mwisho zisizo na aya, maana huko ndiko watu walikoandika siku watoto walipozaliwa.

Hatua ya 2: Andika jina zima

Jina la Kiarabu lililokamilika lina jina la mtu, baba, babu, na mwishoni nisba, yaani jina la kabila au la mahali, kama al-Harthy au al-Kharusi. Uandikishaji wa Afrika Mashariki ulizoea majina matatu, ndiyo maana leo ndugu wawili wa baba mmoja waweza kuwa na paspoti zenye majina tofauti: mmoja ana nisba, mwingine anaishia na jina la babu. Usilichukue jina la tatu ukadhani ndilo kabila.

Andika pia kila tahajia uliyokutana nayo: Busaidi, Busaidy, Albusaidi, Riyami, Riami, Harthi, Harthy. Na ukipata hati ya Kiarabu, kumbuka kwamba maandishi yasiyo na irabu huandika Hamid na Humeid kwa herufi zilezile. Mtu mmoja asije akawa wawili katika daftari lako, wala wawili wasiwe mmoja.

Hatua ya 3: Nisba inasema nini

Si kila nisba ni kabila. Al-Barawi ni mtu wa Barawa, al-Maskati ni wa Maskati, al-Shihri huenda ni wa mji wa Shihr. Hizo zinakupa mahali, nalo ni jambo jema, lakini hazikupi babu.

Nisba za kabila kwa upande wa Omani zirudishe kwenye jina la kabila lenyewe, maana vitabu na ramani hutumia hilo. Al-Riyami anatoka Bani Riyam, watu wa Jabal Akhdar na vijiji vya chini yake kama Birkat al-Mawz. Al-Kharusi anatoka Bani Kharus, wenye wadi inayoitwa kwa jina lao. Al-Rawahi ni wa Bani Rawaha, nao pia wana wadi yao, upande wa Sumail. Al-Harthy ni wa al-Hirth wa Sharqiyya: Ibra, al-Mudhairib, al-Qabil. Al-Barwani ni tawi linalohesabiwa ndani ya al-Hirth, na hapa wengi wanapotea, wakatafuta kabila la Barwani likisimama peke yake.

Upande wa Hadhramaut majina yana sura nyingine. "Ba" mwanzoni, kama Bawazir, Bakathir au Basalama, ni alama ya huko. Masharifu wa Ba Alawi (al-Haddad, al-Saqqaf, al-Attas, Jamalilail, Bin Sumeit na wenzao) wote wanakutana kwa Ahmad bin Isa al-Muhajir, aliyehama Basra mwaka 317 Hijria, yaani 929, na kizazi chake kikakaa Hadhramaut. Hawa wana bahati kuliko sisi wengine, kwa sababu shajara zao zimetunzwa kwa maandishi karne kwa karne. Ukiwa mmoja wao, kazi yako kubwa ni kuunganisha babu yako wa Lamu, Ngazija au Mombasa na tawi lililokwisha kuandikwa.

Hatua ya 4: Hati

Hapa ndipo ninapowaomba mkae sana. Masimulizi hukuza watu. Hati ya shamba haina haja ya kumkuza mtu yeyote, na ndiyo maana naiamini zaidi.

Kwa Zanzibar, anzia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zenye hati, barua za Kiarabu na kumbukumbu za wakfu. Kwa pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwalazimu wenye mashamba kuleta madai yao, na wengi walikuja na hati za Kiarabu. Mahakama za makadhi nazo zina ndoa, talaka na mirathi.

Mirathi ndiyo hazina kuu, na ukijua faraidhi (hesabu ya mafungu ya mirathi) kidogo utasoma yasiyoandikwa. Ukiona mke kapewa thumuni, marehemu aliacha mtoto au mjukuu wa mwanawe. Kapewa robo? Hakuacha. Ukiona ndugu wa marehemu, wa baba mmoja na mama mmoja, karithi, jua hapakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo yeyote anayedai leo kwamba ametokana na marehemu huyo kwa njia ya kiume inabidi aulizwe vizuri. Mafungu yanasema ukweli hata pale ambapo majina yamefifia.

Wakfu nao usome mpaka mwisho. Mwenye kuweka wakfu hutaja wanufaika kwa mpangilio: watoto wangu, kisha watoto wao, na wakiisha, watoto wa ndugu yangu fulani bin fulani. Huyo ndugu huenda ndiye aliyebaki Omani.

Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladia. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, na 1318 ulianza Mei 1900. Ukizishika hizo mbili, nyingine utazikadiria.

Hatua ya 5: Kuvuka kurudi

Ukishapata jina, baba yake na mji, ndipo uulize Omani. Usipeleke nisba peke yake. Al-Riyami ni maelfu ya watu. Peleka "fulani bin fulani, wa mji fulani, aliyekuwa Wete na ndugu zake wakabaki". Mji mdogo una wazee wanaokumbuka nani aliondoka na nani alimwachia sehemu yake ya falaji (mfereji wa maji wa mashamba). Maskati kuna mamlaka ya taifa ya nyaraka, iliyoanzishwa mwaka 2007, inayokusanya pia hati za familia.

Kwa kupata sura ya kabila lilikaa wapi miaka zaidi ya mia iliyopita, tazama kamusi ya Ghuba ya Lorimer. Juzuu ya maeneo ilitoka 1908, na inasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya Qatar. Iliandikwa kwa ajili ya serikali ya Kiingereza ya India, kwa hiyo ichukueni kama ushahidi wa makazi tu. Si hukumu ya nasaba.

Hatua ya 6: Juu kabisa

Sasa ndipo swali la Qahtan na Adnan lije. Kabla ya kuipokea silsila (mnyororo wa majina) ndefu, ihesabu. Ibn Khaldun alitumia kipimo cha vizazi vitatu kwa karne moja, na kipimo hicho kinafaa mpaka leo. Babu aliyezaliwa 1900 na mtu wa mwaka 1650 wanatenganishwa na vizazi saba au vinane. Ukiona vitatu, majina yameanguka. Silsila ya kufika zama za Mtume (s.a.w.) ina majina arubaini, pungufu au zaidi kidogo, yenye kumi na tano imekatika mahali.

Na msichanganye Hinawi na Ghafiri na nasaba. Hayo ni makundi ya siasa yaliyotokana na vita vya Omani vya miaka ya 1720, yakaitwa kwa viongozi wao wawili waliouawa Sohar mwaka 1728. Makabila ya Yamani (wa Qahtan) na ya Nizari (wa Adnan) yalikuwa pande zote mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Sheikh, shukran kwa somo. Mama wa babu yetu alikuwa suria, Mmanyema. Kuna ami mmoja anasema tusimwandike, tutaharibu nasaba. Ni kweli?

Jibu: Mwandike, ndugu yangu, na uandike kwao. Kisharia mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na nasaba yake ni ya baba, sawa na watoto wa mke wa ndoa. Masultani kadhaa wa Zanzibar mama zao walikuwa masuria. Anayemfuta bibi yake anaandika nasaba yenye uongo ndani.

Swali (Chake Chake): Sisi tunatumia nisba ya Kiarabu, lakini marehemu babu aliwahi kudokeza kwamba mzee wetu aliachwa huru na bwana mwenye nisba hiyo. Tufanyeje?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza waziwazi. Katika Uislamu uhusiano huo wa aliyeachwa huru na bwana wake una jina lake, "walaa", na aliyeachwa huru huitwa mawla; na Suratul Ahzab aya ya 5 inasema waiteni kwa baba zao, na msipowajua baba zao basi ni ndugu zenu katika dini na mawla wenu. Andika "mawla wa" fulani, na ujue una ukoo wako mwenyewe wa kutafuta. Utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wenye watumwa waliweza kudai fidia, na madai hayo yaliacha karatasi. Tafuta huko. Historia hiyo ina heshima yake, na wanao wana haki ya kuijua.

Swali (Bujumbura): Babu yetu wa Ujiji anajulikana kwa lakabu tu. Kwenye karatasi za Wabelgiji pia wameandika lakabu.

Jibu: Hilo ni la kawaida kwa Waarabu wa bara. Rumaliza wa Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, na Tippu Tip alikuwa Hamed bin Muhammad al-Murjebi. Ungetafuta lakabu Omani usingepata kitu. Waliokwenda bara mara nyingi walikopa mali Zanzibar, na hati za madeni ziliandikwa kwa jina kamili. Tafuta Zanzibar kwa miaka aliyosafiri.

Swali (Maskati): Mwanangu amepima vinasaba, jibu ni J1. Wenzake wanasema huo ni uthibitisho wa Uarabu. Unasemaje, ami?

Jibu: J1, kundi la vinasaba ambalo mwanamume hurithi kwa baba yake, ni nyingi sana kwa wanaume wa Bara Arabu, lakini iko pia kwa watu wa Dagestan wasio Waarabu. Peke yake haithibitishi kabila. Kipimo kinafaa pale unapolinganisha wanaume wawili wanaosemekana wana babu mmoja, tuseme wewe na jamaa wa Ibra. Kabla ya kupima, kaeni kama ukoo mkubaliane mtafanya nini jibu likija msilolitarajia.

Swali (Mombasa): Kuna mtu anatuuzia shajara iliyokamilika mpaka kwa Mtume. Tununue?

Jibu: Hapana, mama. Muulize babu wa kwanza wa Pwani kamtoa kwenye hati gani, na kizazi kipi kimeandikwa katika shajara za Ba Alawi. Hana jibu, mwache. Kujinasibisha na asiye baba yako kumekatazwa kwa hadithi sahihi za Bukhari na Muslim, na pesa haibadilishi hilo.

Swali (Dubai, kwetu Unguja): Karatasi zetu zote zilipotea 1964. Tumebaki na jina la babu na mtaa wa shamba. Kuna njia?

Jibu: Ipo. Hati za mashamba hutaja mipaka minne pamoja na majina ya wenye mashamba jirani: kaskazini shamba la fulani bin fulani. Yako ikipotea, tafuta Kilimani hati za majirani wa mtaa huo, ukianza na miaka ya 1890. Babu yako yumo ndani yake kama mpaka, na mara nyingi ameandikwa na jina la baba yake na nisba. Ukiipata, tuletee tarehe ya Hijria na majina yote manne ya mipaka, tuanze kumtafuta baba yake.