Bega linalouma wiki baada ya wiki: usilifunge, lizoeze

Vijana mnaobeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, na mnaovuta nyavu usiku kucha, nisikilizeni. Bega likiuma muda mrefu bila kuanguka wala kuteguka, mara nyingi zinazouma ni kano, yaani nyuzi zinazounga msuli na mfupa, za misuli minne midogo inayoshikilia mfupa wa mkono begani. Zimebebeshwa kuliko zilivyozoea. Ukiinua mkono linachoma kwa nje, na usiku hulilalii.

Kulifunga kitambaa na kuliacha kabisa kunalikakamaza. Punguza mzigo, inueni gunia wawili, kisha fanya hivi kila siku: simama ubavu wa bega bovu ukiwa karibu na ukuta, kunja kiwiko, bana kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, halafu sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, mkono usisogee. Sekunde 30, mara 5. Maumivu kidogo si neno. Yakizidi hadi kesho yake, sukuma taratibu zaidi. Lipe wiki 6 hadi 12, maana kano hupona polepole mno. Usiku lalia upande mzima, ukumbatie mto.

Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, za kila siku za dukani mziache jamani, zinaumiza tumbo na figo.

Mkono ukifa ganzi, ukishindwa kuinuka baada ya kuanguka, au ukiwa na homa na kukonda, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu. Bega likiambatana na kifua kubana, nenda saa hiyohiyo.